Wikendi Moja kwa Mwezi

Waandikishaji wa jeshi la akiba la Marekani wana maneno yao ya kuvutia vijana: wikendi moja kwa mwezi, wiki mbili kwa mwaka. Hapa Lowell, Massachusetts, vijana wetu wanayajua kwa moyo. Mji huu una Wakenya wengi, na wengi wao wanaishi kwa kazi za uuguzi na kutunza wazee. Si ajabu basi watoto wao wakivutwa na tiba. Wapo wanaosomea udaktari wa fiziotherapia, ile DPT ya miaka mitatu inayoanza baada ya shahada ya kwanza, huku wamevaa magwanda ya Gadi ya Taifa, lile jeshi la akiba la kila jimbo. Wengine wako mlangoni, hawajui waingie au warudi.

Nimewaketisha wasemaji wanne. Wao ni wa kubuni, ila sheria na hesabu wanazozitaja si za kubuni. Koplo ni binti, tabibu wa kikosi katika Gadi, yuko mwaka wa kwanza wa DPT. Shangazi yake ni muuguzi wa zamu za usiku. Mjomba wake alikuwa dereva wa malori katika jeshi la akiba, akapelekwa Iraki, akarudi, akaacha. Mwalimu ni mtaalamu wa fiziotherapia aliyeanzia hospitali ya KCMC, Moshi, na sasa husimamia wanafunzi hospitalini. Mimi nitaingilia pale watakapozunguka mbuyu.

SHANGAZI: Naanza mimi, kwa sababu simu za saa nane usiku huja kwangu. Mwanangu, mshika mawili moja humponyoka. Ukitaka fiziotherapia, soma. Ukitaka jeshi, nenda jeshini. Hatukuvuka maji yote yale ili mtoto wetu aje kumpigia mtu saluti.

KOPLO: Shangazi, sikuyashika siku moja. Jeshi lilitangulia. Nilimaliza wiki kumi za mafunzo ya awali, nikapelekwa Fort Sam Houston kule San Antonio kusomea utabibu wa kikosi, wiki kumi na sita nyingine. Ndipo nikaomba chuo. Siku ya kwanza darasani nilikuwa sidaiwi kozi yoyote ya jeshi, nadaiwa drili tu, zile wikendi za mafunzo.

SHANGAZI: Na kilichokupeleka ni uraia. Tusifichane.

KOPLO: Kilikuwa kimojawapo, na sioni aibu. Tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mwenye grini kadi anayetumikia kwa heshima, hata katika akiba, anaweza kuomba uraia bila kuingoja ile miaka mitano. Na bila uraia nisingeweza hata kuwaza kuwa ofisa.

MJOMBA: Uraia umeshapata, basi tuuweke kando. Tuseme pesa, maana ndiyo inayowapeleka wengi.

KOPLO: Haya, pesa. Chama cha wataalamu wa fiziotherapia, APTA, kilitoa ripoti mwaka 2020: wahitimu wapya wenye madeni ya masomo walikuwa wanadaiwa kwa wastani zaidi ya dola 150,000. Mshahara wa kazi hii ni kama dola 100,000 kwa mwaka. Mtu anaanza maisha akiwa nyuma. Halafu ikaja sheria ya Julai 2025: kuanzia Julai 1, 2026, mkopo wa serikali uliokuwa ukiziba pengo lote la karo ya shahada za juu unafungwa kwa wakopaji wapya. Masomo ya juu ya kawaida yamewekewa kikomo cha dola 100,000, na yale yanayoitwa ya kitaaluma, kama udaktari na sheria, 200,000. Katika orodha iliyopendekezwa ya hayo ya kitaaluma, fiziotherapia haimo.

MWALIMU: Hilo limetuuma wote. Leseni tunayo, jina la daktari tunalo, ila kwenye mkopo tumewekwa kapu lingine.

KOPLO: Ndiyo maana Gadi ya Massachusetts ina mvuto. Jimbo humsamehe askari wake karo na ada katika vyuo vya umma, hadi krediti 130. Wenzangu wengi waliutumia msamaha huo kwa shahada ya kwanza. Krediti 120 zikaliwa huko, wakafika mlango wa DPT na 10 mkononi. Mimi nilijiandikisha nikiwa nimeshahitimu, zangu zote zipo.

MWALIMU: Kwa chuo cha umma, kama UMass Lowell. Programu nyingi za Boston ni za vyuo binafsi: Northeastern, Boston University, Simmons, MGH Institute. Huko msamaha haukufikishi.

KOPLO: Ndiyo maana sikuomba huko. Ongeza posho ya elimu kwa wanaotumikia akiba, chini kidogo ya dola 500 kwa mwezi. Ongeza malipo ya drili, kama dola 400 kwa wikendi kwa cheo changu. Ongeza bima ya afya ya kama dola 50 kwa mwezi kwa mtu asiye na familia. Shangazi, wewe wajua mwanafunzi asiye na bima hapa anavyoishi.

SHANGAZI: Najua. Nawahudumia wakishachelewa.

MJOMBA: Hesabu nzuri, ila umeandika upande mmoja wa daftari. Ukirudishwa nyuma mwaka mmoja unapoteza nini?

Hapo Mjomba amegusa penyewe. DPT haichukuliwi somo mojamoja kwa nafasi. Darasa zima huingia pamoja na kutoka pamoja, na kila somo hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukilikosa, humalizii wiki inayofuata. Unangoja hadi darasa la nyuma yako lilifikie. Mwaka huo ni mwaka wa mshahara wa mtaalamu, zile dola 100,000. Msamaha wa karo, posho, drili na bima vikijumlishwa, mwaka mmoja tu wa kurudishwa nyuma unaweza kuvimeza vyote. Kwa hiyo wanaouliza kama mtu ana nguvu za kutosha, au kama analala vya kutosha, wanauliza swali dogo. Vijana wa hapa wamezoea kulala saa nne tu kwa siku. Kubwa ni kalenda: chuo kimeipanga ya kwake bila kuuliza jeshi, jeshi limepanga ya kwake bila kuuliza chuo, na zote mbili zimepangwa juu ya mtu mmoja.

MWALIMU: Nikupe mfano wa wazi. Programu nyingi huanza na anatomia majira ya joto, Juni au Julai. Wanafunzi wanapasua mwili mzima kwa wiki chache, misuli kwa misuli, neva kwa neva. Kila siku inajengwa juu ya jana. Na Gadi hufanya lini mafunzo yake ya wiki mbili?

KOPLO: Juni, Julai, Agosti.

MWALIMU: Umejibu mwenyewe. Huwezi kusema utausoma mkono kwenye kitabu. Unaujua mkono ukiushika.

MJOMBA: Na wiki mbili wanazokuambia si lazima ziwe mbili. Kikosi kikiingia zoezi kubwa, huwa tatu. Kikipangiwa Fort Polk, Louisiana, yaweza kukaribia mwezi. Mwandikishaji hakutajii hayo akiwa amekushika bega.

KOPLO: Hakunitajia. Niliyajua kwa sajenti.

SHANGAZI: Na wikendi zenyewe?

KOPLO: Drili ni Jumamosi na Jumapili, mara nyingine tangu Ijumaa jioni. Wakati wa masomo ya darasani haiumi sana, ila mtihani ukiwa Jumatatu. Nilisoma neva za mguu ndani ya gari la wagonjwa kwenye uwanja wa kulenga shabaha, kwa sababu tabibu hawezi kuondoka risasi zikiendelea kupigwa. Niliupasi. Sitaki kurudia.

MWALIMU: Subiri ufike kliniki. Chombo kinachosimamia programu zetu kinadai si chini ya wiki 30 za kliniki kwa muda wote. Hulipwi. Unafika asubuhi unaondoka jioni pamoja na msimamizi wako, kama mfanyakazi. Hospitali imekubali mwanafunzi miezi mingi kabla, na msimamizi amepanga wagonjwa kwa kumhesabu. Anakuja mwanafunzi kwangu kwa wiki kumi, wiki ya nne ananionyesha amri ya jeshi ya wiki mbili. Hiyo ni moja ya tano ya muda wote! Mgonjwa aliyevunjika nyonga, aliyeanza kumwamini, anaulizia yule binti yuko wapi.

KOPLO: Na mwanafunzi anaweza kupelekwa kliniki jimbo lingine kabisa, huku drili ikibaki Massachusetts.

MJOMBA: Nauli?

KOPLO: Yangu, mara nyingi.

MWALIMU: Halafu mtihani wa leseni. Hufanyika tarehe chache zilizowekwa kwa mwaka, mara nne hivi, na moja iko Julai. Wanafunzi wanaohitimu Mei huilenga hiyohiyo ya Julai.

SHANGAZI: Mimi nasikia Juni, Julai, Juni, Julai. Hakuna mtu wa kuongea na mkuu wa kikosi?

KOPLO: Yupo, na husikiliza kuliko mnavyodhani. Kikosi kinaweza kukuruhusu kuifanya drili tarehe nyingine. Nimefidia mara kadhaa, siku za katikati ya wiki, kuhesabu dawa na machela stoo. Kinachotisha ni kukosa bila ruhusa. Wikendi moja ni vipindi vinne. Ukifikisha tisa bila ruhusa ndani ya mwaka, unahesabiwa kuwa hushiriki, na mambo yanakuwa mengine. Maana yake wikendi mbili na asubuhi moja.

MJOMBA: Anayesikiliza ni mkuu wa leo. Wakuu hubadilishwa.

Nilitaka kujua sheria inasemaje, kwa kuwa hapa kila mtu hutaja sheria kwa kusikia. Ile inayojulikana zaidi, ya mwaka 1994, humlinda askari wa akiba kazini: mwajiri hawezi kumfukuza kwa sababu ameitwa. Mwanafunzi si mwajiriwa, haimgusi. Kwa wanafunzi kuna kifungu cha sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2008. Chuo lazima kimpokee tena aliyeondoka kwa utumishi wa jeshi, pale alipokuwa amefika, na mwaka wake wa kwanza wa kurudi alipe karo ileile ya zamani, mradi jumla ya kutokuwapo kwake haijapita miaka mitano. Sheria nzuri. Sharti lake ni kwamba utumishi uwe wa zaidi ya siku 30 mfululizo, kwa amri ya serikali kuu.

Soma tena hizo siku 30. Anayeitwa kwa mwaka mzima amelindwa. Anayeitwa kwa wiki mbili, katikati ya anatomia, hakutajwa humo. Mwaka 2012 Rais Obama alitoa amri ya kuvitaka vyuo vinavyopokea pesa za elimu za wanajeshi vichukue hatua za kuwasaidia watu wa akiba wanapokosekana kwa muda mfupi. Ila kusaidia ni neno pana. Profesa akikuruhusu kufanya mtihani Jumatano badala ya Jumatatu amekusaidia. Maabara ya wiki mbili hawezi kuirudia kwa ajili yako hata akitaka, kwani mwili ule umeshapasuliwa.

Ndiyo maana naona lile tangazo la waandikishaji lina hila, hata kama halina uongo. Kidogo wanachokuahidi ndicho chenye kinga haba.

MJOMBA: Mimi nilipata kile kikubwa. Simu ililia nikiwa dukani. Mwaka mzima na zaidi, ukijumlisha mafunzo ya kabla ya safari. Nilikuwa nasoma jioni chuo cha jamii, uhasibu. Sikurudi. Si kwamba walinikataa, nafasi yangu ilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa sipo.

SHANGAZI: Mwambie na wale wa Jordan.

MJOMBA: Januari 2024. Droni ilipiga kambi iitwayo Tower 22. Waliokufa ni watatu, wote askari wa akiba kutoka Georgia. Wahandisi wa ujenzi, si makomando. Watu wa wikendi moja kwa mwezi.

KOPLO: Nayajua, Mjomba. Kikosini tulisimama kimya kwa ajili yao.

SHANGAZI: Unayajua na bado unakwenda.

KOPLO: Nakwenda. Wewe pia ulikwenda kazini mwaka 2020, wazee wakifa korido nzima. Hukuniuliza.

Shangazi hakumjibu hapo, nami nisingependa kumjibia. Lakini Mjomba alisahau upande mmoja. Mtu wa Gadi huitwa na gavana pia, na Massachusetts wameiona miito ya kila namna. Septemba 2021 madereva wa magari ya shule walipokosekana, askari wa Gadi walipelekwa kuwaendesha watoto, kuanzia na miji minne, na Lowell ulikuwa mmojawapo. Desemba mwaka huohuo wakaitwa hadi 500 kusaidia hospitali zilizolemewa na Korona. Mwisho wa Agosti 2023 wakaitwa tena, hadi 250, kusaidia familia za wahamiaji zilizowekwa hotelini. Hakuna aliyepigwa risasi katika kazi hizo. Ila mwanafunzi wa DPT aliyeendesha gari la shule Oktoba alikosa masomo sawa na aliyekuwa jangwani, na si kila mwito wa gavana unaohesabiwa kuwa amri ya serikali kuu.

MWALIMU: Naona tumemlaumu binti vya kutosha. Niseme jambo kama mtu wa fani. Fiziotherapia ya Marekani ilizaliwa jeshini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza kurudisha majeruhi, jeshi liliajiri wanawake lililowaita wasaidizi wa ukarabati. Mary McMillan alikuwa wa kwanza wao katika hospitali ya Walter Reed, na mwaka 1918 alifundisha mamia katika chuo cha Reed, Oregon. Mwaka 1921 wanawake hao waliunda chama chao, naye akawa rais wa kwanza. Hicho ndicho APTA ya leo. Na kuanzia miaka ya 1970, madaktari wa mifupa walipokuwa wachache, ni jeshi lililoruhusu mtaalamu wetu amwone askari bila kupitia kwa daktari. Raia wengi walichelewa sana kupata hilo.

SHANGAZI: Mwalimu, sikatai historia. Mtu anaweza kuwafunga wanajeshi mifupa bila kuwa mwanajeshi.

MWALIMU: Kweli, nami sikuwahi kuwa. Na nikiwa mkweli, utabibu wa kikosi haumfanyi awe mwanafunzi bora wa fiziotherapia, ingawa yeye anadhani hivyo. Kuzuia damu isimwagike ni kazi ya dakika tatu. Kumrudishia mtu hatua zake ni kazi ya miezi mitatu, na nyingi ni maneno. Anakuja kliniki na haraka ya uwanjani. Tunaanza kwa kumpunguza kasi.

KOPLO: Nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba nimeshika watu wengi waliokuwa na maumivu, na wenzangu darasani bado mikono inawatetemeka. Ila kuna jambo gumu hamjaligusa. Kikosini wote wanajua ninachosomea. Kila drili kuna goti, kuna kiuno, kuna bega lililolia kwenye mtihani wa viungo. Wananivuta pembeni: hebu nitazame. Na mimi sina leseni. Kama tabibu nina mipaka yangu, kama mwanafunzi nina mipaka mingine, na sajenti wangu anataka jibu kabla ya kifungua kinywa.

MWALIMU: Unafanyaje?

KOPLO: Namwambia aende kliniki. Ananiona nimekuwa wa mjini.

MWALIMU: Afadhali hivyo. Mbona hukwenda Baylor? Jeshi lina programu yake ya DPT pale pale San Antonio. Mwanafunzi analipwa kama ofisa, karo halipi, na kalenda ni moja tu.

KOPLO: Kwa sababu ukimaliza unakuwa wa jeshi la kudumu kwa miaka. Kule kalenda ni moja kwa kuwa mwenye kalenda ni mmoja. Mimi nataka kuishi hapa. Mama yangu yuko hapa, na wazee wanaoniambia wanaumwa mgongo kwa Kiswahili wako hapa.

Kama mimi ndiye ningeulizwa na kijana wa mtaani, ningemjibu kwa kumuuliza yuko hatua gani. Aliyemaliza mafunzo yote ya jeshi kabla ya DPT, kama Koplo, anaweza, akikichagua kikosi kwa ratiba yake na si kwa sifa zake. Kikosi kinachokwenda mazoezini Agosti ni bora kwake kuliko chenye jina kubwa kinachokwenda Juni. Anayengoja hadi ahitimu, akaingia akiba akiwa na leseni na cheo cha ofisa, anaweza pia, ingawa msamaha wa karo atakuwa ameukosa. Aliye katikati ya DPT, ameona deni limemfika kooni, akataka kujiandikisha sasa, huyo ningemshika mkono. Wiki 10 za mafunzo ya awali na nyingine 16 za fani hazina pa kukaa ndani ya programu hiyo, na akiondoka darasani hivyo atakuwa ameununua ule mwaka wa hasara kwa hiari yake. Shangazi atasema nimemwachia Koplo mlango. Nimemwachia, kwa sababu yeye amepanga. Sijui kama mpango utahimili mkuu mpya wa kikosi.

SHANGAZI: Basi nionyeshe huo mpango. Mwaka huu mnakwenda lini?

KOPLO: Tumeshapewa tarehe. Juni, wiki ya pili na ya tatu.

MWALIMU: Na kliniki yako ya kwanza inaanza lini?

KOPLO: Juni, wiki ya kwanza.

MJOMBA: Umemwambia nani?

KOPLO: Nimemwandikia mratibu wa kliniki na sajenti siku ileile, kila mmoja nikamwekea kalenda ya mwenzake. Sajenti amesema niombe kwenda na kikosi kingine cha utabibu mwezi Agosti. Mratibu amesema tutaona.

MJOMBA: Tutaona si jibu. Mwandikie tena leo, na safari hii omba tarehe.